Sotoka na Mizani ya Wanyama wa Serengeti

Tangu kale wanadamu wamestaajabia jambo moja katika maisha ya wanyama: simba hawamalizi swala, wala swala hawaijazi dunia. Herodotus, Myunani aliyeandika historia katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema kwamba hekima ya Mungu imewajalia wanyama waoga na waliwao wazao wengi, na wakali ikawapa wazao haba. Al-Jahiz wa Basra, aliyeishi katika karne ya 9, alieleza katika kitabu chake cha wanyama jinsi kila kiumbe kinavyomwinda aliye dhaifu kuliko yeye na kuwindwa na aliyemzidi nguvu. Mwaka wa 1749 Linnaeus wa Sweden na mwanafunzi wake waliyafananisha maumbile na nyumba yenye utaratibu, ambamo kila mmoja ana kazi yake na posho yake. Kwa muda mrefu wazo hili lilikubaliwa kama lilivyo, hata mwaka wa 1930 Charles Elton, mwanachuoni wa Kiingereza, akalikana waziwazi. Kwa maoni yake, idadi za wanyama hupanda na kushuka siku zote, na mizani inayosifiwa haionekani popote.

Hoja hii haiwezi kukatwa kwa maneno matupu. Yahitaji nchi ambayo wanyama wake wamehesabiwa kwa miaka mingi, na ambayo mzani wake umekwisha vunjika mara moja na kuundwa tena mbele ya macho ya watu. Nchi ya namna hiyo iko Afrika ya Mashariki, nayo ni Serengeti, pamoja na nyanda za Ngorongoro upande wa kusini na za Mara upande wa kaskazini. Mgeni aionaye leo, nyumbu wakienda kwa mamia ya maelfu kama siafu juu ya majani, huwaza kwamba anatazama dunia kama ilivyotoka mikononi mwa Muumba. Wahenga walisema: Usione vyaelea, vimeundwa. Historia ya miaka mia na thelathini na kitu iliyopita yaonyesha kwamba vinavyoelea Serengeti navyo vimeundwa, tena vilizama kwanza.

Kuzama huko kulianzia mbali. Mwaka wa 1887, kwa kadiri wanahistoria wengi wakubalivyo, majeshi ya Italia yaliyotua Massawa, katika pwani ya Bahari ya Sham, yaliletewa ng'ombe kutoka Bara Hindi. Ng'ombe hao walikuwa na sotoka. Ugonjwa huu huletwa na kirusi kilicho ndugu wa kile cha surua ya watu, nao huwashika wanyama wacheuao, wenye kwato zilizopasuka. Mnyama hupata homa, hutoka machozi na kamasi, hufanya vidonda kinywani, huhara, na aghalabu hufa kabla wiki mbili hazijatimia. Katika nchi za Asia sotoka ilikuwa adui wa siku nyingi, na baadhi ya ng'ombe wa huko walikuwa na nguvu ya kuivumilia. Wa Afrika, kusini ya Sahara, hawakuwahi kuijua, na mwili usiomjua adui hauna ngao.

Uhabeshi uliangamia kwanza, ukaingia katika njaa kubwa iliyoendelea tangu mwaka wa 1888 hata mwaka wa 1892. Kufikia mwaka wa 1890 na wa 1891 ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia katika nchi ya Wamasai. Mwaka wa 1896 ulivuka mto Zambezi, na mwaka uliofuata ukafika Rasi ya Tumaini Jema. Ndani ya miaka kumi tu maradhi yalikuwa yamelipitia bara kutoka Bahari ya Sham hadi ncha yake ya kusini. Mahali pengi katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa. Nyati walikufa, nyumbu walikufa, tandala na twiga walikufa. Kapteni Lugard, aliyekuwa njiani kwenda Uganda mwaka wa 1890, aliona mizoga ya ng'ombe na ya nyati pia, akaandika habari zake.

Kwa Wamasai ng'ombe alikuwa chakula, mahari, ibada na heshima. Ng'ombe walipokwisha, watu nao walianza kwisha. Ndui ilifuata nyuma ya njaa, na vita vya kunyang'anyana mifugo iliyosalia vikafuata nyuma ya ndui. Miaka ile wenyewe waliiita Emutai, maana yake maangamizi. Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria aliyefika Ngorongoro mwaka wa 1892, aliwakuta wanawake waliobaki mifupa na ngozi, watoto waliokonda mno, na vijana wa vita waliokuwa hata kutambaa hawawezi. Alikadiria kwamba theluthi mbili za Wamasai walikuwa wamekufa. Kadirio la mpita njia si hesabu kamili, lakini hakuna shahidi wa wakati ule aliyesema kwamba msiba ulikuwa mdogo.

Msiba huo ulibadili hata sura ya nchi. Palipokuwa na ng'ombe na watu, majani yalikuwa yakiliwa na vichaka vikifyekwa na kuchomwa. Walaji na wafyekaji walipotoweka, vichaka viliota mahali pengi, na ndani ya vichaka akaingia mbung'o, mdudu achukuaye malale ya watu na ugonjwa wa mifugo. Nchi iliyokuwa na wenyewe ikawa nyika, na waliotaka kurudi wakazuiwa na mdudu. John Ford, katika kitabu chake cha mwaka wa 1971, na Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka wa 1977, walieleza kwa kirefu jinsi watu wa Afrika walivyokuwa wakiidhibiti nchi yao kwa jembe, kwa moto na kwa mifugo, na jinsi udhibiti ule ulivyovunjika mwishoni mwa karne ya 19.

Watawala wa kigeni walifika wakati huohuo. Waliikuta nchi yenye watu wachache, vichaka vingi na wanyama waliopungua, nao wakadhani ya kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote. Ni mtu aliyeingia katika nyumba ya msiba, akawaona wenyeji wamekaa chini wamenyamaza, akatoka akisimulia kwamba watu wa nyumba ile ni wachache na hawana maneno. Kutokana na dhana hiyo zilitungwa sheria nyingi za ardhi na za wanyama, na baadhi yake zilidumu muda mrefu kuliko waliozitunga.

Sotoka nayo haikuondoka baada ya pigo la kwanza. Ilikaa nchini, ikirudi kila baada ya miaka michache. Mnyama aliyeugua akapona hakuugua tena maisha yake yote, na ndama wake alipata kinga kwa muda katika dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Kinga hiyo ilipokwisha baada ya miezi kadhaa, ndama alibaki uchi mbele ya ugonjwa. Kwa hiyo katika miaka ya 1950 nyumbu waliokuwa wakifa zaidi kwa sotoka walikuwa wale waliokaribia mwaka mmoja wa kuzaliwa. Katika kila ndama wanne waliozaliwa, kiasi cha mmoja tu ndiye aliyeuona mwaka wa pili. Wazee wa kundi walionekana wazima na wenye siha, na mtazamaji hakujua kwamba kundi zima lilikuwa limefungwa kamba isiyoonekana.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliwekwa mwaka wa 1951. Miaka saba baadaye, Januari 1958, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani kutoka Frankfurt, walizunguka juu yake kwa ndege iliyopakwa milia ya punda, wakahesabu nyumbu 99,481. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo mwezi wa Januari 1959, na kitabu pamoja na filamu vilivyotokana na kazi yao viliitangaza Serengeti duniani kote kama hazina iliyo karibu kupotea. Hesabu yao haikuwakuta wanyama wote. Nyingine ya mwaka wa 1961 ilitoa zaidi ya nyumbu 200,000. Lakini khofu ya wakati ule ilikuwa ya kweli, na mmoja wa walioshitakiwa kuwa chanzo cha hatari alikuwa mfugaji. Ilidaiwa kwamba ng'ombe wake wanamaliza malisho na maji. Mwaka wa 1959 mipaka ilikatwa upya: Wamasai waliokuwa wakilisha katika nyanda za Serengeti walihamishwa, na Ngorongoro ikatengwa iwe mahali pa watu, mifugo na wanyama wa mwitu kwa pamoja.

Wakati mipaka ikibishaniwa, jibu la kitendawili lilikuwa likipikwa mahali pengine. Katika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walikuwa wakikilea kirusi cha sotoka katika chembe za figo za ndama, wakikihamisha kutoka chupa hadi chupa mara nyingi, mpaka kikapoteza ukali wake na kubaki na uwezo wa kuufundisha mwili kujilinda. Ndivyo ilivyopatikana chanjo salama na ya bei nafuu, na ng'ombe wa pande za Serengeti wakachanjwa kwa wingi.

Wengi walikuwa wakiamini kwamba wanyama wa mwitu ndio ghala la sotoka, na kwamba ng'ombe huambukizwa nao. Lakini hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Walichanjwa ng'ombe peke yao. Na kufikia mwaka wa 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka katika nyumbu na nyati. Wataalamu walipopima damu, waliona alama za sotoka katika wanyama wakubwa waliozaliwa kabla, wasizione katika wadogo waliozaliwa baadaye. Kikulacho ki nguoni mwako: ghala lilikuwa zizini. Mfugaji na mnyama wa mwitu walikuwa wakiuawa na adui mmoja, na sindano moja iliwaponya wote wawili.

Yaliyofuata ni somo ambalo hakuna maabara ingeweza kulitengeneza. Ndama wa nyumbu waliookoka mwaka wao wa kwanza waliongezeka kutoka robo hadi kiasi cha nusu. Kundi lililokuwa la mia mbili na kitu elfu mwaka wa 1961 lilizidi 1,300,000 kufikia mwaka wa 1977. Nyati nao walikaribia kuwa maradufu kati ya mwaka wa 1965 na wa 1975. Pundamilia, ambaye ukwato wake ni mmoja na sotoka haimgusi, alibaki katika idadi yake ya zamani, karibu 200,000. Kama mvua peke yake, au ulinzi wa askari wa hifadhi peke yake, ndiyo iliyowaongeza nyumbu, ingaliwaongeza pundamilia pia, maana hula nyanda zilezile na kuvuka mito ileile. Pundamilia alikuwa shahidi asiye na upendeleo.

Wingi wa nyumbu haukukoma katika nyumbu. Majani yaliyokuwa yakisimama marefu na kukauka sasa yaliliwa yangali mafupi, na moto wa kiangazi ukakosa kuni. Miche ya migunga, ambayo kila mwaka ilikuwa ikiungua kabla ya kufikia kimo cha mtu, ilipata nafasi ya kukua. Twiga walipata majani mapya ya kula, na simba na fisi walipata windo zaidi. Hivyo dawa iliyotiwa katika shingo ya ng'ombe nje ya hifadhi iliotesha miti ndani yake. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi viumbe walivyofungamana.

Baada ya kufunguliwa kamba ile, nyumbu walizuiwa na nini wasiongezeke bila kikomo? Jibu la haraka ni simba, nalo ni jibu la Herodotus na la Al-Jahiz. Simon Mduma, mtaalamu wa Kitanzania, alilichunguza swali hili katika miaka ya 1990 kwa kuikagua mizoga. Mnyama mwenye afya ana uboho mweupe, mgumu, wenye mafuta. Mwenye njaa hula akiba ya mwili wake mpaka mafuta ya ubohoni yakaisha, na uboho ukawa kama uji mwepesi unaopenya nuru. Katika maandishi yaliyotolewa mwaka wa 1999, Mduma na wenzake walionyesha kwamba kiasi cha robo tatu za vifo vya nyumbu vilitokana na upungufu wa chakula katika kiangazi. Hata aliyekamatwa na fisi mara nyingi alikuwa amekwisha kushindwa na njaa.

Kuhama ndiko kunakomwokoa nyumbu na meno. Nyumbu hufuata mvua: katika masika huwa kusini, kwenye majani mafupi yenye madini, na katika kiangazi huwa kaskazini, karibu na mto Mara. Simba mwenye mji wake na fisi mwenye watoto pangoni hawawezi kumfuata safari yote. Tena nyumbu wengi huzaa kwa pamoja ndani ya wiki chache, na walaji hushiba kabla ya kuwamaliza ndama. Jino humpata huyu na yule. Jamii yote haishikiki.

Walakini Herodotus hakukosa kabisa. Wanyama wadogo wasiohama wako katika hukumu nyingine. Katika miaka ya 1980, ujangili ulipowapunguza simba na fisi upande wa kaskazini wa Serengeti, taya, swala pala na nyamera waliongezeka. Wakali waliporudi, walipungua tena. Twiga hawakubadilika. Kwa hiyo mizani ya Serengeti ina mawe mengi ya kupimia: mdogo hupimwa kwa jino, mkubwa hupimwa kwa majani, na wote waweza kupimwa kwa maradhi.

Mwaka wa 1993 ukame mkali ulilithibitisha jambo hili. Mvua za kiangazi zilikosekana, na nyumbu walikufa kwa wingi hata wakashuka chini ya milioni moja. Mvua ziliporudi, wakapanda tena. Hapa ndipo Elton na wazee wa kale wanapoweza kupatana. Elton alisema kweli kwamba idadi haisimami. Lakini kutosimama hakumaanishi kukosa kipimo. Wanyama wakizidi, fungu la kila kinywa hupungua na vifo huongezeka; wakipungua, fungu huongezeka na ndama huokoka. Mizani ya namna hii ni ya jahazi baharini: hulala upande huu na upande ule kwa mawimbi, na uzima wake ni kule kurudi kwake.

Lakini jahazi hurudi likiwa na bahari ya kuelea. Katika nyanda za Loita, nchini Kenya, kulikuwa na kundi jingine la nyumbu, lililohamia Mara kila mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilizidi 100,000. Nyanda walizozitegemea wakati wa mvua zililimwa ngano, na katika miaka ishirini tu kundi hilo lilishuka hata likabaki chini ya robo ya lilivyokuwa. Hapakuwa na sotoka wala wingi mpya wa simba. Kilichopotea kilikuwa malisho na njia ya kuyafikia. Ukame huua mwaka mmoja na kusamehe mwaka wa pili, lakini shamba lililozungushiwa ua halisamehi.

Mambo haya mawili, ya sotoka na ya Loita, yafaa kusomwa pamoja, maana kila moja lilisomwa peke yake huleta dhuluma. Asomaye Loita tu atasema kwamba nchi iliyo wazi ndiyo uhai wa nyumbu, na kwamba mipaka ya Serengeti ilikuwa na faida. Hapo atasema kweli. Asomaye sotoka tu atasema kwamba mfugaji aliyeondolewa mwaka wa 1959 alibebeshwa mzigo usio wake, kwa kuwa kilichowazuia wanyama kuongezeka kilikuwa maradhi ya ng'ombe, wala si ng'ombe mwenyewe. Naye atasema kweli vilevile. Nyanda zile zilikuwa na majani ya kulisha nyumbu mara nyingi zaidi ya waliokuwapo. Wamasai walitakiwa kuhama kwa ajili ya uhaba wa wanyama ambao ungeondoka kwa sindano, nao wenyewe walikuwa wafiwa wa kwanza wa uhaba huo.

Si haki kuwalaumu wahukumu wa mwaka wa 1959 kwa kutojua yaliyojulikana baada ya mwaka wa 1963. Lakini kosa moja lilikuwa laweza kuepukwa hata siku zile, nalo ni kuidhania hali ya leo kuwa ndiyo hali ya asili. Habari za Lugard na za Baumann zilikuwa zimekwisha chapwa vitabuni, na wazee walioiona Emutai wakiwa watoto walikuwa wangali hai. Hesabu ya wanyama ilichukuliwa kwa ndege. Historia yao, iliyokuwa ikikaa chini ya miti pamoja na wazee, haikutiwa katika mizani.

Mnyama wa mwisho duniani kuthibitishwa kuwa na sotoka alikuwa nyati wa hifadhi ya Meru, nchini Kenya, mwaka wa 2001. Mwaka wa 2011 dunia ilitangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa. Ni wa pili kufutwa na wanadamu, baada ya ndui. Ndama wa nyumbu azaliwaye leo katika nyanda za kusini hana alama yake katika damu. Alama iliyobaki iko katika nchi: katika migunga ya rika moja iliyoota baada ya moto kupungua, na katika mipaka iliyochorwa kabla ya sababu kujulikana.